Kichwa cha Barua ya Mama Kyule

Pale Kikima, ukitaka kupigiwa barua ya maana, watu hawakuelekezi saiba, vile vibanda vya kompyuta. Saiba zipo, tena za kutosha, na vijana wake wana vidole vyepesi. Lakini barua ya kwenda kwa bodi ya shule, kwa ofisi ya ardhi, kwa mtu mkubwa ambaye hujawahi kumwona, hiyo utaambiwa uipeleke kwa Bi. Ndinda, mlango wa buluu nyuma ya duka la mbegu. Utamkuta mama wa miaka hamsini na tisa, miwani imeshuka puani, kompyuta mbele yake na taipureta ya zamani pembeni, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Na kabla hujamaliza kueleza shida yako, atakuuliza neno moja tu: "Anwani?"

Kichwa cha barua kilikuwa dini yake ya pili, na wenye midomo walisema ni ya kwanza. Alikisomea chuo cha uhazili, zama ambazo msichana alipigwa rula vidoleni kwa kusahau mkato. Anwani ya mwandishi hukaa juu, mkono wa kulia: jina, sanduku la posta, mji. Kila mstari huingia ndani kidogo kuliko ule ulio juu yake, ngazi kwa ngazi, na mkato mwishoni, hadi mji, unaofungwa kwa nukta. Unaruka mstari, unaweka tarehe. Ndipo unahamia kushoto na kuweka cheo cha mwandikiwa na sanduku lake. Salamu. Kisha MINT, yaani mintarafu, kwa herufi kubwa, na kiini cha barua kinapigiwa mstari. Vijana wa saiba waliopanga kila kitu kushoto aliwaita wavivu. Mmoja alipomjibu kwamba huo ndio mtindo wa kisasa, alimwambia hata kutembea bila suruali kutakuwa mtindo siku moja.

"Ofisi inasalimiwa na kichwa," alipenda kusema. "Kichwa kikiwa ovyo, huko hawafiki hata tumboni."

Sasa, wateja wake wengi hawakuwa na sanduku la posta. Mtu wa milima ya Mbooni hakuona haja ya kukodi sanduku lake mwenyewe wakati shule ina lake, kanisa lina lake, na jirani mwenye mshahara ana lake. Uliazima namba kama unavyoazima jembe. Namba iliyoazimwa zaidi pale Kikima ilikuwa 318, sanduku la mume wake, Mwalimu Daudi Nzau. Kila Alhamisi saa nne asubuhi, mvua au jua, Mwalimu aliteremka posta na ufunguo kidoleni, akirudi na barua za nusu ya kijiji kwapani. Alizigawa barabarani akiita majina kana kwamba anaita rejista. Watu walijua: Alhamisi ni siku ya barua.

Mwalimu Nzau alikufa mwezi wa Juni, mwaka jana, kwa homa ya mapafu ya siku sita.

Wiki tano baada ya mazishi, Ndinda aliuchukua ule ufunguo, akaenda posta mwenyewe. Alifungua kile kijilango kidogo. Ndani mlikuwa na bahasha moja tu, ya watu wa pensheni, na juu yake pamepigwa kwa unadhifu: Bw. Daudi M. Nzau, S.L.P. 318, Kikima. Ndinda aliisoma anwani ile, akaona kwamba serikali haijasikia. Huko kwao Nzau bado yu hai, anangojewa ajibu. Na wa kuwaambia ni nani? Ni yeye, kwa barua, yenye kichwa, yenye namba hiyohiyo upande wa kulia. Aliirudisha bahasha ndani, akafunga, akarudi kazini kwake, akautundika ufunguo kwenye msumari kando ya kalenda. Hakurudi tena.

Ungedhani basi angeacha kuitumia ile namba. Hakuiacha. Si kwa ubishi, vidole tu. Mteja akisema hana sanduku, vidole vya Ndinda vilikuwa vimekwisha kupiga 318 kabla yeye hajawaza. Alikuwa ameipiga kwa miaka thelathini. Na kwa kuwa siku hizi majibu mengi huja kwa simu au hayaji kabisa, hakuna aliyekuja kulalamika.

Ila Alhamisi zilianza kuwa nzito. Saa nne ikifika, ule ufunguo ulichezacheza pale msumarini, ukagonga ukuta mara mbili tatu, halafu ukatulia. Mlango ukiwa umefungwa, dirisha limefungwa, hakuna hata upepo wa kupeperusha karatasi. Marehemu mama mkwe wake angesema ni aimu, wafu wa nyumba wanaodai kitu chao. Ndinda alikuwa mwana wa kanisa, aliyebatizwa mtoni na kuimba sauti ya pili, na aimu hakuziamini. Hata hivyo alikihamisha kiti chake ili ukuta ule uwe mgongoni. Huko mgongoni akausikia vizuri zaidi.

Mutanu, ambaye kila mtu alimwita Mama Kyule, aliingia kwa ule mlango wa buluu mwanzoni mwa Februari. Alikuwa muuza maembe na kunde, mjane pia, mwenye mtoto mmoja tu aliyebaki. Huyo Kyule, kijana wa miaka ishirini na mitatu, alikuwa utingo wa lori la mizigo, na mara ya mwisho kumpigia mama yake alikuwa Mtito Andei, wamesimama kula. Hiyo ilikuwa Desemba. Baadaye simu yake ikawa haipatikani. Mama alishuka mpaka Mtito, akauliza kwenye vibanda vya chakula na malojing'i ya kulala wasafiri, hadi dereva mmoja akamwambia kuna kijana aligongwa usiku akivuka barabara, akabebwa na gari la wagonjwa, hakuwa na kitambulisho, na hospitali ni ile kubwa, mbali. Mama akafika hospitalini. Karani akapekua kitabu, akasema hakuna Kyule. Wapo wagonjwa wasiojulikana majina, lakini hao habari zao hazitolewi dirishani. Aandike barua rasmi, aeleze alama za mwanawe, na ofisi itamjibu.

"Ni hiyo nataka, Madam," alisema. "Andika ako na kovu hapa juu ya jicho ya kushoto. Alichomwa na sufuria akiwa mtoto. Na kidole ya mwisho hii, haikunjwi."

Ndinda aliandika yote, vizuri, kwa huruma. Ile barua ilikuwa nzuri kuliko zote alizopiga mwaka huo. Alimweleza Mutanu kila sehemu akiionyesha kwa kidole, maana aliamini mtu akijua barua yake haogopi ofisi. Hapa juu kulia ni wewe. Hapa chini ni tarehe, ya kujua barua ilizaliwa lini. Hapa kushoto ni wao. Wakijibu, wao ndio watakuwa juu, na tarehe yao, na wakitaja barua nyingine wataweka na tarehe ya hiyo. Mutanu hakuwa amesoma, ila tarakimu alizijua kwa biashara yake. Alifuata kidole kile kwa makini.

"Na simu yangu utaweka hapa?" aliuliza, akigusa nafasi nyeupe chini ya Kikima.

"Hapana, Mama Kyule. Simu haikai kwa kichwa ya barua."

"Lakini wakipata yeye leo, si watanipigia?"

"Barua rasmi hujibiwa na barua. Ukiweka simu wataona ni kikaratasi tu cha mtu wa soko. Sanduku liko. Tulia."

Mutanu alitulia. Alikuwa mtu wa kuheshimu wenye ujuzi, na mwenye ujuzi alikuwa amesema. Barua ikaenda, tarehe tatu Februari, na juu yake kulia, ngazi kwa ngazi: Mutanu Kyule, S.L.P. 318, Kikima.

Alhamisi iliyofuata, Mutanu alikuwa mlangoni.

"Madam, hakuna kitu imekuja?"

Hapo ndipo Ndinda angeweza kusema: ngoja, nishuke posta. Au angesema ukweli, kwamba lile sanduku analiogopa. Lakini neno lililotoka lilikuwa jepesi sana. "Bado," alisema.

Bado ni neno baya kwa sababu halina uzito. Ukilisema mara moja, la pili linajisema lenyewe. Kila Alhamisi Mutanu alikuja, kikapu kichwani, na kila Alhamisi Ndinda alisema bado, nyuma yake ufunguo ukigonga ukuta. Mutanu alipotaka kurudi hospitalini kuuliza, Ndinda alimzuia kwa wema kabisa: ofisi haisumbuliwi, Mama Kyule, kawia ufike. Nauli yenyewe ni ya maembe ya mwezi mzima. Mutanu akaketi na subira yake. Machi ikapita, ikapita Mei, kukawa kiangazi hadi mabwawa yakakauka, na Ndinda akaanza kulala vibaya. Alimwota Mwalimu barabarani akiita rejista, na jina analoita ni moja tu, na hakuna anayeitika. Aliomba kanisani aondolewe hofu. Hakuomba aende posta.

Ilikuwa Novemba, Alhamisi kama kawaida, Mutanu alipoingia na kuketi badala ya kusimama mlangoni. Alikuwa amekonda. Alitoa noti yake iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani.

"Sitaki kuuliza tena," alisema. "Andika ingine. Pengine ile ilipotea. Weka kichwa ileile."

Ndinda alifungua kompyuta. Jina, sanduku, mji. Aliruka mstari, akapiga tarehe. Ndipo akahamia chini, na kwa kuwa barua ya pili lazima itaje ya kwanza, aliandika: Rejea barua yangu ya tarehe 3 Februari. Aliziangalia zile tarehe mbili kwenye kioo, moja juu ya nyingine. Februari. Novemba. Miezi tisa mama huyu anaambiwa bado na mtu ambaye hajatazama. Nyuma yake ufunguo ulianza kugonga, na safari hii haukuacha.

"Madam, nini hiyo inalia?" Mutanu aliuliza.

Kumbe naye anausikia. Ndinda aliinuka, akautoa ufunguo msumarini. Ulikuwa baridi tu, ufunguo wa kawaida. "Ningoje hapa," alisema. "Nakuja sasa hivi."

Alishuka posta karibu akikimbia, mama wa heshima na viatu vya kisigino. Kijilango kilikataa kwa kutu, halafu kikafunguka, na bahasha zikamwagika miguuni pake. Hazikuwa nyingi. Nne za pensheni, zote za Bw. Daudi M. Nzau. Moja ya kanisa. Kalenda ya mwaka unaokwisha, ikiwa kwenye bomba lake. Na mbili za kahawia, ndefu, zenye muhuri wa hospitali, zote mbili za Mutanu Kyule.

Alizifungulia palepale, ameegemea ukuta. Ya kwanza ilikuwa ya tarehe kumi na tisa Februari. Ilisema hospitali ina mgonjwa wa kiume, bila jina, mwenye kovu juu ya jicho la kushoto na kidole cha mwisho kisichokunjika. Yu hai. Hawezi kusema, lakini hufungua macho akisikia sauti. Ndugu wanaombwa wafike mapema iwezekanavyo, na kwa kuwa barua yao haina namba ya simu, ofisi haina njia nyingine ya kuwapata. Ya pili ilikuwa ya tarehe ishirini na saba Machi. Ilirejea ile ya kwanza, ikasema mgonjwa alifariki tarehe ishirini na tano, na kwamba asipochukuliwa katika siku ishirini na moja atazikwa na kaunti.

Wiki tano. Ndinda alizihesabu Alhamisi kwa vidole pale ukutani. Kyule alifungua macho akisikia sauti, na sauti ya mama yake ilikuwa hapa Kikima, ikiuliza hakuna kitu imekuja.

Njia ya kurudi ni ya dakika kumi, na katika dakika hizo Ndinda alifanya hesabu ya mwoga. Barua zote mbili zilikuwa za Kiingereza. Mtu pekee ambaye Mutanu angemwamini amsomee alikuwa yeye. Akimpa ya pili tu, Mutanu atalia msiba, atajua mwanawe amekufa, atapumzika. Ya kwanza itamsaidia nini? Itamwua tu. Ni huruma kumficha. Aliipata hiyo hoja ikiwa imenyooka, akaishika, na alipofika kwenye mlango wa buluu bahasha ya kwanza ilikuwa imekunjwa ndani ya mkoba wake.

Mutanu alimwona usoni. "Amekufa," alisema.

"Amekufa, Mama Kyule." Ndinda alipiga magoti mbele yake. "Ngai akupe nguvu. Barua imesema alifariki kule hospitali."

"Aiya. Aiya, mwana wakwa." Hakupiga kelele. Alijikumbatia mabega, akayumbayumba polepole, muda mrefu, na Ndinda alilia pamoja naye, machozi ya kweli. Nje watu walinunua mbegu, maana mvua ilinukia. Kisha Mutanu akajipangusa kwa leso.

"Nipe hiyo karatasi. Nisomee."

Ndinda alianza katikati. Mutanu alimkatiza. "Hapana. Anza kwa kichwa. Wewe ndio ulinifunza." Akaichukua karatasi mwenyewe, akaiweka mezani, akaanza kutembeza kidole chake kilichochubuka na maganda ya kunde. Juu, wao. Chini yake, tarehe. "Ishirini na saba. Hii ni mwezi gani?"

"Machi."

Kidole kilishuka, kikapita salamu, kikapita mstari wa herufi kubwa, kikasimama. "Hapa kuna tarehe ingine. Kumi na tisa. Ulisema wakiweka tarehe ingine, wanataja barua ingine." Aliinua macho. "Ya nani?"

La kuvunda halina ubani. Ndinda angeweza kusema ni tarehe ya ile barua waliyotuma wao wawili, na Mutanu angeamini, kama alivyoamini kuhusu simu. Alifungua mdomo kusema hivyo. Halafu akakumbuka kwamba hiyo ilikuwa ya tarehe tatu, na Mutanu tarakimu anazijua. Si kwamba alikuwa mwema ghafla, alikuwa amechoka. Alitoa bahasha mkobani, akaisoma yote, kuanzia kichwani, akitafsiri neno kwa neno, pamoja na ule mstari wa simu. Kisha akasema mengine ambayo hayakuandikwa: kwamba hajafungua sanduku tangu mwaka jana, kwamba kila bado aliyosema ilikuwa ya uongo, kwamba aliogopa jina la mume wake kwenye bahasha.

Mutanu hakumtukana. Ndinda alikuwa akingoja matusi, aliyahitaji. Mutanu alizikunja zile karatasi mbili, ya kwanza akaifunga kwenye pindo la leso, ya pili akaiacha mezani. Akajitwika kikapu chake, akatoka. Noti yake iliyokunjwa mara nne ilibaki palepale.

Jumamosi Ndinda alimfuata kwake, akapanda naye gari, akamlipia, hadi kwenye makaburi ya kaunti ambako mtu wa zamu aliwaonyesha kibao chenye namba. Mutanu alipanda pale kipande cha mwembe alichokuja nacho, akakimwagia maji ya chupa. Njiani aliketi kiti cha nyuma, mbali naye, kwenda na kurudi. Ndinda alidhani hatamwona tena.

Siku hizi barua za Ndinda zina namba ya simu, chini ya mji, ndani ya ngazi. Vijana wa saiba wameona, wakacheka. Watu wa pensheni wameandikiwa kwamba Mwalimu Daudi Nzau ni marehemu. Kila Alhamisi saa nne anakwenda posta mwenyewe. Ufunguo haugongi ukuta tena, na Ndinda angefurahi kama ungegonga, maana kilichochukua nafasi yake ni kizito zaidi.

Akirudi kutoka posta, humkuta Mutanu ameketi ndani ya mlango wa buluu. Huja kila Alhamisi, hajakosa hata moja. Hufungua pindo la leso, hutoa ile barua ya kwanza, ambayo sasa imelegea kwenye mikunjo, huiweka juu ya kibodi.

"Soma," husema. "Kutoka kichwani."

Ndinda husoma. Hospitali, sanduku lake, mji wake. Tarehe. Bi. Mutanu Kyule, sanduku mia tatu na kumi na nane, Kikima. Tuna mgonjwa. Yu hai. Hufungua macho akisikia sauti. Hapo Mutanu hufumba yake, husikiliza, halafu huinua kiganja kumsimamisha, hukunja karatasi, huondoka.

Juzi Ndinda alikuwa na mafua, koo limemkauka, na moyo ulimwomba ajionee huruma mara moja tu. Alisoma hospitali, sanduku, mji, kisha akateremka moja kwa moja kushoto.

"Umeruka tarehe, Madam," Mutanu alisema bila kufumbua macho. "Rudi juu."